Sauti Niliyoiita Kelele

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema nisije nikaonekana shujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe, naogopa hata simu inayoita mara moja na kukata. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kukaa kwenye kiti, ghorofani, mjini Shinyanga, hedifoni masikioni na kiyoyozi kikinipuliza shingoni, nilimshukuru Mungu kwa magoti. Nikajiambia hapa sasa hakuna cha kunitisha. Thubutu!

Kampuni yenyewe ni ya nje, kubwa, zile ambazo hata bibi wa kijijini asiyejua kusoma ana kitu chao ndani ya simu yake. Walikuwa wanaifundisha mashine kusikia Kisukuma. Watu waliokubali waliwekewa programu kwenye simu zao. Wakiiwasha, wanapiga soga zao za kila siku nyumbani, shambani, machimboni, popote, na simu ikipata mtandao sauti inakwenda. Huko inakokwenda inakatwa vipande vifupi, vinachanganywa, kisha vinatufikia sisi bila jina, bila mahali, bila tarehe. Kazi yetu ilikuwa kuandika kila neno. Kisichokuwa neno tunakibandika alama yake: kicheko, kikohozi, mtoto analia, kelele. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi yenye herufi kubwa: ANDIKA UNACHOSIKIA, USIANDIKE UNACHOJUA.

Niliipenda ile kazi, sitaki kudanganya. Unakaa pale asubuhi unasikia watu wanagombana juu ya dume la mbuzi, mwanamke anamsema wifi yake, mzee anasalimia "mwangaluka" mpaka unataka kumwitikia. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Mchana tunakula wali maharage kwenye korido, kila mtu na kipande chake moyoni, hakuna anayethubutu kukisema. Maana tulikuwa tumesaini. Ulichosikia kwenye hedifoni kinabaki kwenye hedifoni. Simu zetu tulikuwa tunaziacha mlangoni kwenye vijumba vya mbao vyenye kufuli. Mwenzetu mmoja alimsimulia mumewe kichekesho cha mzee aliyetukanana na punda. Mume akakipeleka kwa kinyozi, na kinyozi ni redio. Wiki haikuisha, kiti cha yule dada kikawa kitupu. Tangu hapo nikawa naogopa hata kuota kwa sauti.

Sheria nyingine ilikuwa hii: ukisikia sauti ya mtu unayemjua, bonyeza kitufe cha "Namfahamu" na kipande kinaondolewa kwako. Niliwahi kukibonyeza mara moja tu, kwa mwalimu wangu wa shule ya msingi. Niliitambua ile sauti kabla hata hajamaliza kusafisha koo.

Mdogo wangu nilimwandikisha mimi mwenyewe. Huyu ndiye ndugu pekee niliye naye, tumefuatana kuzaliwa, baba alifariki yeye bado anavaa kaptula. Alikuwa mchimbaji Mwakitolyo, kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa ameingia si muda mrefu. Nikamwambia, washa programu mkiwa mnapumzika, piga hadithi zako, wewe si mdomo wako haufungwi? Akacheka. Akasema, "Dada, mimi nikianza kuongea hiyo mashine yenu itaomba poo." Zilipita kama wiki mbili hivi.

Siku ile ilikuwa asubuhi, ndio kwanza nimemaliza chai. Kipande kikafunguka, nikasikia wanaume wanacheka mahali penye mwangwi mzito, na katikati yao sauti ya mdogo wangu. Nilitakiwa nibonyeze kile kitufe. Nikasema acha kwanza nimsikie, nimemkumbuka. Alikuwa anasimulia jinsi mwenzao alivyoangukia kwenye sufuria la maharage la mama ntilie. Nikacheka naye. Na chini ya kicheko chao, mbali kidogo, nikasikia: tiii. Kimya. Tiii. Kimya. Kisha mara ya tatu, nzito zaidi, na mmoja wao akasema, "Panya hao." Wakaendelea kucheka.

Niliujua mlio ule. Baba yetu alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisibomoke. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea msumeno mpaka kwenye kamba inayozunguka duara, pale wanawake wanapotakiwa kusimama. Jioni alikuwa ananikalisha karibu na gogo, analigonga, analikandamiza, ananiuliza linasema nini. Aliniambia mti ukilia mara moja ukanyamaza, umekaa. Ukilia, ukanyamaza, ukalia tena pale pale, basi umechoka kubeba. Acha nyundo, acha koti, panda juu. Mdogo wangu hakuyapata hayo. Alikuwa bado anachezea matope.

Nilikisikiliza kile kipande mara saba. Kila nikirudia najiambia labda ni panya kweli, labda ni winchi, labda ni ndoo. Haikuwa ndoo. Kwenye skrini saa inayotupimia muda wa kila kipande ilikuwa inakimbia, rangi imeshageuka nyekundu. Nikaogopa. Nikaandika maneno yote, la sufuria, la maharage, la panya. Kwenye ile sauti nikabandika alama: kelele. Nikabonyeza "Tuma." Kipande kikaondoka, na kikishaondoka hakirudi.

Sijui ni kwa nini nilituma. Au najua, ila nikilisema naona aibu. Niliogopa rangi nyekundu.

Nilipopata pumzi nilimwendea msimamizi wetu, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, mwenye kuita kila mtu dada yangu, kaka yangu. Nikamweleza yote. Akafunga mlango. Akasema, "Dada yangu, kuna fomu ya tishio la maisha. Jaza tu." Tukaifungua pamoja. Ikauliza tukio liko wapi. Ikauliza lilitokea lini. Bila kujaza hizo sehemu mbili haiendi. Sasa wao wenyewe ndio waliotuficha mahali na tarehe! Nikaandika Mwakitolyo. Fomu ikauliza: umejuaje mahali alipo mzungumzaji?

Msimamizi akanishika mkono kabla sijaandika. "Ukijibu hapo umekiri ulimfahamu na hukubonyeza kitufe. Utaondoka wewe, na mimi nitakufuata. Nina watoto, dada yangu, usinitie matatani." Niliyaona macho yake. Alikuwa anaogopa kama mimi. Tukajaza "haijulikani" na kuituma hivyo hivyo. Baada ya chakula cha mchana majibu yakaja kwenye skrini yangu kwamba wanashukuru kwa kujali ubora wa data.

Nikachukua simu yangu mlangoni nikisingizia kichwa, nikashuka chini, nikasimama nyuma ya duka la mbolea nikampigia mdogo wangu. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kusema. Nikimwambia nimemsikia kazini, atawaambia wenzake, na yeye hana siri hata ya dakika moja, na kiti changu ndio basi. Na hata nikimwambia, nani ataacha mwamba wenye dhahabu kwa sababu ya dada aliyesikia kitu kwenye kompyuta? Ndipo likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana. Wachimbaji wanaheshimu ndoto kuliko injinia. Mtu akiota vibaya, hashuki, na hakuna anayemcheka.

"Nimekuota," nikamwambia. "Nimeota duara lenu limeanguka. Udongo umewafukia wote, mimi nalia juu. Mdogo wangu, nakuomba, toka humo. Hata wiki moja tu."

Akauliza, "Ulikuwa unalia kwa sauti?"

"Kwa sauti, ndiyo. Nilikuwa nagaragara."

"Na udongo ulikuwa mwekundu au wa kijivu?"

Nikasema mwekundu, ili kumtisha zaidi. Akasema atamwambia msimamizi wa duara. Nikarudi ghorofani. Nilimaliza zamu vizuri kabisa. Nilikula hata andazi.

Kesho yake mchana, nimeichukua simu mlangoni niangalie kama ametoka, akapiga yeye. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Dada! Umetuokoa! Mzee msimamizi amesema hiyo ndoto haijawahi kuotwa hapa! Udongo mwekundu ukiwafukia watu ni mali inawafunika, na ndugu wa damu akilia msibani ni sherehe! Tumeacha upande wa juu wote, tumehamia chini kabisa, tumeongeza watu. Hatupumziki mpaka tuuguse mwamba. Nikipata, dada, cha kwanza ni cha kwako."

Nikasema, "Hapana, wewe, sikiliza, haikuwa ndoto." Akacheka. Akasema dada, usianze kuogopa, wewe kila kitu unaogopa. Kisha akaniambia anashuka, na chini hakuna mtandao. Nikapiga tena. Nikapiga tena na tena. Yule mwanamke wa mtandao akawa ananijibu yeye, kwa adabu zote.

Mungu wangu! Mimi ndiye niliyewashusha. Nilitaka kumtoa mtu mmoja nikaongeza wengine chini ya mti uliochoka. Sikumuaga mtu. Niliacha hedifoni mezani, kipande kikiwa bado kinaongea ndani yake, nikashuka ngazi, nikakodi pikipiki mpaka Mwakitolyo. Sikumbuki njia. Namkumbuka dereva alivyoniuliza mara mbili kama nimefiwa, na mimi nikamjibu sijui.

Machimbo ni yale yale ya utoto wangu, maturubai juu ya mashimo, vumbi, makarasha yanasaga mawe mpaka meno yanauma. Nikamuuliza mama ntilie mmoja lilipo duara la mdogo wangu. Akanionyesha kwa mwiko. Akaniangalia usoni, akanimiminia maji kwenye kikombe, akasema, "Kunywa kwanza. Na usivuke kamba, mwanangu. Wako karibu na mwamba, wamekuwa wakali."

Kamba nilikuwa naijua. Imezungushwa duara, imefungwa vitambaa vyekundu, na mwanamke hapiti. Akipita, wanasema dhahabu inahama, duara limechafuka, na hakuna mwanaume anayeruhusiwa kubaki ndani wala kushuka mpaka lisafishwe kwa mbuzi na dawa. Nilisimama upande wangu kama nilivyofundishwa tangu nikiwa mtoto. Nikamsalimia msimamizi wa duara, mzee mnene aliyekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mayu," akajibu, yaani mama, na alipojua mimi ni nani akasimama, akafurahi, akawaambia wenzake kwenye winchi, "Ndiye huyu mwotaji!" Wakanipigia makofi.

Nikawaambia ukweli wote, palepale, mbele ya watu. Kwamba sikuota. Kwamba nafanya kazi ya kusikiliza, na nimesikia mti wao unalia, mara tatu, mahali pamoja, na mtu akasema ni panya. Nikauigiza ule mlio kwa mdomo, tiii, kimya, tiii. Makofi yakaisha. Mmoja kwenye winchi akauliza, "Yaani nyie huko mjini mnatusikiliza tukiwa chini?" Mwingine akatoa simu yake mfukoni, akaitazama kama nyoka. "Kwa hiyo yule mwekezaji anayeyataka machimbo yetu anajua tulipofika!" Wakaanza kusemana. Hakuna aliyeuliza habari za mti. Mzee akaniambia kwa upole kabisa, "Mayu, mti ni wa juzi tu huo, mbichi. Rudi nyumbani. Ndoto umeshatupa, usitunyang'anye."

"Watoe tu," nikamwambia. "Watoe mkague, kisha warudi."

"Hatutoi mtu."

Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Naomba niaminike hapo. Haja ndogo ilinibana kama mtoto. Wale ni wanaume wenye nyundo mikononi, na nimewahi kuona mwanamke aliyevuka kamba alivyofanywa. Nikavua viatu, sijui kwa nini, labda adabu tu ya zamani. Nikainua gauni, nikavuka. Nilitembea hatua kama sita, nikafika mdomoni mwa duara, nikaweka mguu wangu mtupu juu ya gogo la kwanza.

Weee! Kelele iliyopigwa hapo sijapata kuisikia, si kwenye hedifoni, si popote. Mtu alinivuta nywele, mwingine akanitupa chini. Nikasikia mzee anapiga ukunga kwamba duara limeharibika, watoeni, watoeni wote. Wakatikisa kamba ya winchi. Nilikuwa nimelala kwenye mchanga, mtu amenikanyaga mgongo, nahesabu vichwa vinavyotoka. Wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Kila anayetoka anauliza kuna nini, anaambiwa, ananitemea mate. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kabisa. Alikuwa mwekundu mwili mzima kwa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana.

Alinitazama. Mimi nilikuwa nalia kwa kumwona. Akasema, "Dada, umeniua."

Yule mama ntilie ndiye aliyekuja kuniokota, mwiko mkononi, akiwatukana wote mpaka wakanipisha. Aliniosha damu ya mdomo na kunipandisha pikipiki.

Siku ya tatu, wakiwa bado wanatafuta mbuzi wa rangi waliyoambiwa, duara lilianguka. Asubuhi, jua limeshatoka, watu wamekaa juu wanakunywa uji. Mama ntilie aliniambia kwenye simu ardhi ilitoa mguno mmoja tu, turubai likaingia ndani, na vumbi likapanda. Hakuna hata kuku aliyekufa. Nilipiga magoti sakafuni nikacheka na kulia kwa pamoja, nikimwita baba yangu. Kazini nilikuwa nimeshafukuzwa. Wale wachimbaji waliokuwa na programu waliifuta wote kwa siku moja, na swali la nani aliyewaambia lilifika ghorofani kwetu haraka. Msimamizi alinipa barua huku ameinamisha kichwa. Sikumlaumu. Nilifikiri sasa wataelewa. Nilifikiri mdogo wangu atapiga simu.

Hakupiga. Nikaja kusikia kinachosemwa machimboni. Kwamba duara lilikuwa zima. Kwamba kuna mwanamke aliota linaanguka, halikuanguka. Akaja mwenyewe kwa miguu yake, akalikanyaga, na likaanguka kama alivyotaka. Sasa mwanamke wa namna hiyo kwa Kisukuma ana jina lake, lile la wanaoroga, na huku kwetu likishakukaa halitoki, na wenye jina hilo hufuatwa usiku. Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba, nasimama katikati ya chumba na kuzima redio.

Miezi ilipita ndipo nikamwona mdogo wangu. Tulikutana kwa mama, kijijini, mbele ya Mhunze. Mama alikuwa ametuita wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Mdogo wangu alikuwa amenenepa kidogo, anachimba sehemu nyingine sasa, huko Bugarama. Nilimpikia mwenyewe ugali wa mtama na mlenda wa karanga, chakula ambacho tangu utotoni tulikuwa tunapigania ukoko wake. Nikampelekea maji ya kunawa. Hakunyoosha mikono.

"Kula, mdogo wangu, umetoka mbali."

"Nimeshiba, dada."

Mama akamkemea. Akasema tena ameshiba, hakuniangalia, akasogeza kigoda chake nyuma kidogo, halafu kidogo tena, mpaka ukuta ukamzuia. Nilikijua kile alichonacho usoni, mimi mwoga naijua hali hiyo kuliko mtu yeyote. Akatoa mfukoni karanga alizonunua njiani, akazitafuna akiwa amenipa ubavu, na maganda akayarudisha mfukoni, hakuacha hata moja.